Muulizeni atabakiza kiasi gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu makala mliyoitoa Jumapili iliyopita, ile ya upasuaji wa kope kwa wanaotaka kuonekana vijana. Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mmeeleza upasuaji unachukua muda gani, mgonjwa anapumzika siku ngapi, na mkaweka picha nne za kabla na baada. Ngozi itakayoondolewa mmeitaja mara sita. Ngozi itakayobaki hamkuitaja hata mara moja, na hilo ndilo lililoniketisha niandike.

Mimi ni mwanamke wa miaka 62 na nimeshona nguo kwa miaka 34. Kope zangu zilipasuliwa miaka miwili iliyopita. Dada yangu mkubwa alinitangulia kwa miaka mitatu, sehemu nyingine, kwa watu wengine. Mimi nikilala macho yangu hufumba. Ya dada hayafumbi. Sitataja waliompasua, wala sitafuti wa kushtaki. Nataka tu wasomaji wenu wajue swali ambalo dada hakuliuliza, na ambalo mimi niliuliza kwa sababu ya mazoea ya kazi.

Nianze na ukweli wangu mwenyewe, maana najua wapo watakaosema wanawake wazee tumekosa la kufanya. Nilitaka kuonekana kijana kuliko nilivyoonekana. Sioni aibu kulisema. Tangu nilipofika miaka 55, wateja waliokuja kupimwa walikuwa wakiniuliza, "Mama, jana ulilala kweli?" Mjukuu wangu aliniuliza mbona nimekasirika, siku ambayo nilikuwa na furaha kuliko siku zote za mwezi ule. Uso wangu ulikuwa ukitoa habari ambazo sikuzituma. Mtu anayetaka uso wake useme kilicho moyoni ana haja ya kweli, na sipendi kuona akidharauliwa.

Tena haikuwa sura peke yake. Ngozi ya juu ilishuka hadi ikalalia nywele za kope, na ili kuona tundu la sindano ilibidi niinue nyusi. Nilikuwa nikiziinua tangu asubuhi hadi jioni bila kujua. Paji la uso likawa linauma kila magharibi, nami nikadhani ni miwani.

Fundi yeyote ataelewa kwa nini kope huzeeka mapema. Hiyo ndiyo ngozi nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki hata milimita moja. Ni kama shifoni, na shifoni hiyo inakunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara kila siku tunapopepesa. Nyuma yake kuna utando unaozuia mafuta yanayolikinga jicho. Miaka ikienda utando hulegea, mafuta yakasukuma mbele, na chini ya macho yakatokeza vifuko. Jua na sigara huharakisha mambo. Kuna na koo ambazo zimerithishana kope nzito tangu ujanani, bila kosa la mtu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo makala yenu imelipita. Kope iliyoshuka inaweza kuwa vitu vitatu tofauti, na kwenye kioo vyote vinafanana. Inaweza kuwa ngozi iliyozidi. Inaweza kuwa msuli wa kuinua kope umelegea, kama mpira wa kiunoni uliochoka, hapo hata ukikata ngozi yote kope haipandi. Au ni nyusi zenyewe zimeteremka na kusukuma ngozi chini. Huyu wa tatu akikatwa ngozi ya kope bila nyusi kuangaliwa, nyusi huvutwa chini zaidi na uso ukaonekana mzito kuliko mwanzo. Mteja akija na gauni linalomkaa vibaya, fundi mzuri hashiki mkasi. Anatafuta kwanza tatizo liko begani, kifuani au kiunoni.

Dada alipokwenda kuonana na mpasuaji, mazungumzo yalikwisha kabla sijamaliza kunywa maji niliyopewa pale nje. Alipewa kioo, ngozi ikashikwa kwa vidole viwili, akaambiwa, "Tukitoa hii, unarudi nyuma miaka kumi." Hakuna aliyemuuliza kama macho yake ni makavu. Nami niliyekaa naye kila siku nilijua kwamba tangu hedhi ikome alikuwa akilalamika mchanga machoni, hasa akisoma au akikaa kwenye upepo. Nilijua, na sikujua kwamba lina maana. Hilo nitalibeba.

Mwezi wa kwanza alipendeza sana. Watu walimsifu, naye akawa akijitazama kwenye kila kioo, nami nilimfurahia. Uvimbe ulipokwisha kabisa ndipo tukaona. Akilala, kati ya kope ya juu na ya chini hubaki ufa wa kama milimita mbili, na weupe wa jicho unaonekana. Asubuhi huamka macho mekundu, yanachoma, hawezi kuyafumbua mpaka atiwe matone. Daktari wa macho anayemtibu sasa alitueleza kwamba konea, kile kioo cha mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Hewa yake huipata kupitia machozi, na machozi husambazwa na kope kila tunapopepesa. Kope isiyofika chini inaiacha sehemu ya konea ikauke, ikikauka inachubuka, na mchubuko ukiingia vijidudu unaweza kuacha kovu linaloziba uoni. Dada alikwisha kupata mchubuko mara mbili.

Kwa hiyo zamu yangu ilipofika niliingia nikiwa na hofu, na hofu ikanikumbusha kazi yangu. Nguo ikikatwa pana, fundi anaipunguza. Ikikatwa finyu, atafute kiraka. Kabla ya mkasi mimi huhesabu kitambaa kitakachobaki mwilini mwa mteja. Vipande vinavyoanguka chini sivihesabu. Nikamuuliza mpasuaji wa kwanza niliyekwenda kwake, "Daktari, utanibakizia ngozi kiasi gani?" Akacheka, akasema hilo nimwachie yeye. Nikamshukuru, nikachukua mkoba wangu.

Wa pili alikuwa daktari wa macho aliyesomea upasuaji wa kope. Nilipomuuliza swali lilelile alifungua droo akatoa rula ndogo ya milimita. Akanieleza kwamba kati ya mwisho wa nyusi na nywele za kope hubakizwa ngozi isiyopungua milimita 20 hivi, ili jicho liweze kufumba, na kwamba yeye huanza kuchora kutoka kwenye kinachobaki. Nilikaribia kulia pale kitini. Nilimfikiria dada.

Lakini kabla ya rula alikuwa amenipima kwa karibu saa nzima, na naomba nieleze maana hapa ndipo msomaji wenu atakapojua kama yuko mikono salama. Aliuliza kuhusu tezi ya shingo, kisukari, presha, na kila dawa ninayomeza, hata za mitishamba, kwa sababu aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya kuvuja damu. Alisema nisiache dawa yoyote kabla hajazungumza na aliyeniandikia, kwani kuna wanaozihitaji ili moyo uendelee salama. Aliuliza kama kope hushuka zaidi jioni au kama naona kitu kimoja kuwa viwili, kwa kuwa upo ugonjwa wa misuli kuchoka unaoanzia kwenye kope, na huo hautibiwi kwa kukata ngozi ya urembo. Aliniambia pia, na hili naomba mlichapishe hata mkifuta mengine yote: kope ikianguka ghafla upande mmoja, pamoja na maumivu ya kichwa, kuona viwili au mboni moja kupanuka kuliko nyingine, ni hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa ni tatizo la mshipa wa damu wa ubongoni.

Kisha akapachika kijikaratasi chembamba ndani ya kope ya chini, kila jicho, akaangalia saa. Dakika 5. Machozi yakipanda kwenye karatasi zaidi ya milimita 10 ni vizuri. Yangu yalifika 6. Akamulika mboni na kupima kutoka kwenye nukta ya mwanga iliyong'aa katikati yake hadi ukingo wa kope ya juu. Jicho lenye afya huwa na milimita 4 hadi 5. Langu la kulia lilikuwa na 4, la kushoto 2. Kumbe kushoto nilikuwa na mambo mawili, ngozi iliyozidi na msuli uliolegea. Yule wa kwanza angenikata pande zote mbili sawasawa na kushoto kungebaki kumeshuka.

Aliniambia nisubiri. Miezi minne ya matone ya machozi bandia, na kitambaa cha uvuguvugu juu ya macho kila asubuhi. Nilikasirika, nilikuwa nimejiandaa moyo. Leo namshukuru kwa miezi ile kuliko kwa upasuaji wenyewe.

Siku ilipofika alinichora nikiwa nimeketi wima. Nilimuuliza kwa nini nisilale, akasema mtu akilala ngozi hukimbilia kwenye masikio na vipimo hupotea. Nilifurahi kusikia hivyo, maana hata mimi sipimi gauni mtu akiwa amelala. Alibana ngozi kwa koleo laini, kidogo kidogo, akisimama pale nywele za kope zilipoanza kuinuka, kisha akarudi nyuma kidogo. Hivyo ndivyo nami hutia pini kiunoni mwa mteja na kumwambia avute pumzi.

Ganzi iliuma kwa sekunde chache, kama mwiba. Baada ya hapo nilikuwa macho muda wote. Katikati ya kazi niliketishwa kitandani nikaambiwa, "Mama, fumbua, tazama mbele," akalinganisha kushoto na kulia, akafungua mshono mmoja na kuufunga upya. Saa moja na nusu kwa jumla. Kwa mtu wa ngozi peke yake huwa chini ya hapo.

Nilikuwa na hofu nyingine ambayo wengi wenye ngozi nyeusi kama yangu tunayo. Sikio langu lilitobolewa nikiwa msichana na likaota kovu kubwa la kuvimba, keloidi. Daktari alilishika, akaandika, akanieleza kwamba kope ni miongoni mwa sehemu ambazo keloidi ni adimu sana, tofauti na sikio, bega na kifua. Hata hivyo hakutaka kuuvusha mkato mbali nje ya kona ya jicho, ambako ngozi ni nene zaidi na kovu hujionyesha. Mstari wangu leo umejificha kwenye mkunjo. Ukitaka kuuona nifumbe macho nawe usogee.

Usiku wa kwanza ndio ninaotaka uchapishwe kwa herufi kubwa. Sikufungwa bendeji machoni. Niliambiwa nisilale peke yangu, kichwa kiwe juu ya mito, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na kila baada ya muda nizibe jicho moja na kutazama kwa jingine, kisha nibadilishe. Damu ikivuja nyuma ya jicho hulikandamiza na kuukaba mshipa wa fahamu wa kuonea. Dalili zake ni maumivu makali yanayozidi, jicho kusukumwa mbele, na uoni kufifia. Hutokea kwa mtu 1 kati ya 2,000 hivi, na wanaopoteza uoni kabisa ni wachache mno kuliko hao, lakini anayepatwa ana saa, hana siku. Hangojei kuche. Anarudi usiku huohuo na nyuzi zinafunguliwa. Dada yangu alipewa namba ya simu ya mapokezi, ambayo haikuwa ikipokelewa baada ya kazi. Alhamdulillahi hakuvuja damu. Ila mahali panapopasua kope pasipo na mtu wa kupokea simu saa nane za usiku, mimi nasema pasipasue.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida. Damu ilivilia chini ya macho, zambarau kisha njano, kama wiki mbili. Nyuzi zilitolewa siku ya sita. Nywele za kope zilikuwa na ganzi kwa wiki kadhaa, nilizigusa kama za mtu mwingine. Kope ya kushoto iko nusu milimita chini ya kulia, naiona mimi na daktari. Mikunjo ya pembeni mwa macho ipo palepale, kwa sababu hiyo hutokana na kutabasamu na upasuaji huu hauigusi. Weusi wa chini ya macho nao upo, huo ni rangi ya ngozi. Niliambiwa yote hayo kabla, kwa hiyo sikupotezewa kitu. Na paji la uso haliumi tena. Mjukuu haulizi tena.

Mmeandika kwamba upasuaji huu ni wa kisasa. Hapana. Tabibu wa Kirumi aitwaye Celsus aliandika kuhusu kukata ngozi ya kope karibu miaka elfu mbili iliyopita. Baghdad, miaka elfu moja iliyopita, tabibu wa macho Ali ibn Isa alieleza namna ya kubana mkunjo wa kope kati ya vijiti viwili na kuvifunga kwa nguvu, ngozi ikose damu, ikauke na kudondoka baada ya siku kama kumi. Nilisoma hayo nikashika kope zangu. Na jina lake la kitaalamu, blefaroplasti, lilitumiwa mwaka 1818 na mpasuaji Mjerumani Carl Ferdinand von Graefe kwa kazi ya kuwatengenezea kope wagonjwa waliokatwa saratani. Neno hilo lilizaliwa kwa ajili ya kulirudishia jicho kifuniko chake. Naona tungelikumbuka hilo, hasa sasa ambapo watu wamekuwa wengi hivi. Kwa hesabu za jumuiya ya kimataifa ya wapasuaji wa urembo, ISAPS, mwaka 2024 upasuaji wa kope ulizidi milioni 2.1 duniani na kushika nafasi ya kwanza kati ya upasuaji wote wa urembo, mbele ya ule wa kunyonya mafuta.

Ndugu Mhariri, ninayowaomba ni machache. Mkichapisha picha za kabla na baada, tazameni kwanza nyusi na taa. Katika picha zenu mbili kati ya nne, mwanamke wa "kabla" ameinamisha kidevu na mwanga umetoka juu, "baada" amepakwa wanja na ameinua uso. Ongezeni picha ya tatu, akiwa amefumba macho. Hiyo ndiyo picha ambayo mimi ningeitafuta. Na mkimhoji mpasuaji tena, mwulizeni hadharani: unapima machozi? Unampima mtu ameketi? Nani anapokea simu usiku? Unabakiza milimita ngapi?

Dada ameambiwa atapandikizwa ngozi kutoka nyuma ya sikio. Haitakuwa nyembamba kama ya kope, na rangi yake huenda ikatofautiana kidogo, lakini jicho litafumba. Anasita, anasema amechoka kukatwa. Simlazimishi. Aliniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina, na aliisoma barua hii jana mchana kabla macho hayajaanza kumchoma. Sasa ni saa tatu usiku, ananiita. Nampaka marhamu ndani ya kope zote mbili, navuta kope ya juu taratibu kwa kidole mpaka ikutane na ya chini, kisha naibandika plasta.

Wako msomaji,
Fundi cherehani, mdogo wake